Jina Langu kwenye Albamu ya Njia ya Kamituga

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Siku ya kuandikwa. Mélanie, binti wa marehemu dada yangu, amekuja asubuhi na kijana aitwaye Gentil, mwembamba, amebeba kompyuta mgongoni kama mama anavyobeba mtoto. Wanaomba chumba changu cha nyuma kwa wiki mbili. Wanarekodi albamu ya hip hop. Si ya kupigwa harusini. Ni albamu ya mchezo wa video!

Nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe sikuelewa mara ya kwanza. Gentil ametengeneza mchezo unaoitwa Njia ya Kamituga. Mchezaji anaendesha pikipiki yenye gunia la maharage kutoka hapa Bukavu mpaka Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu. Njiani kuna tope, mashimo, mbuzi, na malori yaliyolala ubavu. Kila sehemu ya safari ina wimbo wake, na nyimbo zote anaziimba Mélanie. Au tuseme anazisema, kwa kuwa hip hop ni kusema haraka haraka juu ya mdundo. Nilipokuwa nafundisha, kitu hicho kiliitwa kukariri, na hakuna aliyekipenda.

Nikauliza mchezo utachezwa na nani. Gentil akasema utaingia bure kwenye simu ya yeyote anayeutaka. Simu za avenue nzima, mtaa wetu wote. Hapo akili yangu ikaamka.

Sababu ni hii. Jumapili ya tarehe 21 avenue yetu inachagua rais wa kamati ya robine, yaani bomba la maji la mtaa. Robine ni moja, avenue ni ndefu, kiangazi ni kikali, na ufunguo wake uko shingoni mwangu tangu nilipostaafu ualimu. Venant anautaka. Venant, mstaafu wa forodha, mwenye paneli za jua juu ya bati na asali mdomoni. Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: bila ufunguo huu hakuna atakayegonga mlango wangu asubuhi. Watoto wangu wako Kinshasa na Lubumbashi. Wanafunzi wangu wamekuwa wazee wenzangu. Wanaoniita Prof alfajiri ni wenye bidon tu, madumu yao ya maji mkononi.

Mpango: jina langu liingie kwenye albamu. Kwetu mwanamuziki akitaka kumheshimu mtu humtupia libanga, yaani huita jina lake katikati ya wimbo, na mtu huyo kuanzia siku ile hubadili mwendo. Venant aliwahi kuitwa na orkestra moja kwenye harusi ya mpwa wake. Mpaka leo anatembea kama anafuatwa na magitaa.

Nimetoa chumba. Kisha nimegusia libanga, kama jambo dogo. Mélanie alicheka kwa adabu, adabu ya mpwa kwa mjomba. “Tonton, mu hip hop hatutupake mabanga. Tunasemaka byenye tuliona.”

Vizuri. Nitangoja. Subira ni kazi niliyoifanya miaka yote mbele ya ubao.

Jumanne, tarehe 9

Chumba kina mwangwi. Gentil anasema sauti inataka kumezwa na kitu laini. Magodoro yote ya nyumba yamesimamishwa ukutani, pamoja na langu. Leo nalala mkekani. Kila sanaa ina wahanga wake.

Umeme ukakatika kabla hawajarekodi neno. Nani akatokea na waya mrefu begani? Venant! Hakuitwa na mtu. Ametoa umeme wa paneli zake, akamweleza Mélanie kwamba yeye amependa vijana maisha yake yote. Uongo. Anapenda libanga. Nilimwona akiitazama mikro, kipaza sauti chao, kama paka anavyotazama sambaza, dagaa wetu wa ziwani.

Nimempa kile kiti chenye mguu mbovu. Hakikumwangusha. Hata viti vimeanza kampeni yake.

Alhamisi, tarehe 11

Mpango wa pili: kama hawataki kuniita, nitajiita mwenyewe. Nimeandika ubeti wa hip hop. Unahusu historia ya barabara ya Kamituga tangu enzi za Wabelgiji. Mistari ina mizani sawa, na katikati kuna maelezo mafupi juu ya udongo wa mfinyanzi na tabia zake wakati wa mvua. Jina langu limekaa mstari wa mwisho, kwa unyenyekevu.

Mélanie alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulifanya kamwe. Akanisimamisha mbele ya mikro. Nikasafisha koo. Nikatoa ubeti wote bila kutazama karatasi. Gentil akasema hapo kuna kitu kizuri sana. Akainamia kompyuta yake, kisha akanivalisha vile vidude vya masikioni.

Nikasikia mdundo mzito, wa kuogopesha kidogo: ho-hm, ha, ho-hm, ha. Nikauliza ni ngoma ya kabila gani. Si ngoma. Ni koo langu! Wamechukua kule kusafisha koo na kuuacha ubeti.

Litakuwa mdundo wa sehemu ya malori. Mélanie anasema linasikika kama lori linalokataa kupanda mlima. Nimepokea sifa. Lakini koo halina jina, na avenue haitapiga kura kwa koo.

Ijumaa, tarehe 12

Msiba mdogo, ukafuatwa na ushindi mkubwa. Robine iko nyuma ya ukuta wa chumba kile. Kila Mélanie akifungua kinywa, bidon zinagongana, na Maman Eulalie anamkaripia mtu aliyeruka foleni, na yote yanaingia kwenye albamu. Maman Eulalie anauza sambaza za kukaanga mwanzoni mwa avenue. Sauti yake imezoea kupita juu ya pikipiki. Mélanie akaniuliza, kwa upole, kama watu wangeweza kupunguza kelele.

Nikaona nafasi ya kumfurahisha. Nikafunga robine. Rais ana haki hiyo. Nikabandika na tangazo fupi kuhusu utamaduni na maendeleo.

Jua lilipofika utosini, foleni ya bidon tupu ilikuwa imefika kwa fundi viatu. Maman Eulalie alikuja kusimama mlangoni pangu, mikono kiunoni. “Prof, sasa sambaza nitazisafisha na hip hop?”

Watu walicheka, lakini si kile kicheko ninachokipenda. Na nyuma yao, Venant! Alikuwa anagawa maji ya tangi lake, kikombe kwa kikombe, kwa uso wa askofu siku ya kipaimara.

Nikapanda juu ya jiwe. Nikawaambia kwamba robine nimeifunga kwa faida yao. Kwamba vijana hawa wanataka kimya kwa sababu albamu ina mabanga. Kwamba kila aliyevumilia leo, jina lake litaitwa ndani ya mchezo, na litasikika Uvira, litasikika Minova, litawafikia hata ndugu waliokwenda Ulaya na hawapigi simu.

Kisha fundi viatu akauliza kama anaweza kuitwa pamoja na mke wake, au ni mmoja mmoja.

Nikafungua robine. Venant alibaki na kikombe chake mkononi, hana wa kumpa. Sasa inabaki tu kumwambia Mélanie.

Jumapili, tarehe 14

Sijamwambia.

Misa ilikuwa ndefu, na kutoka kanisani kulikuwa kurefu zaidi. Kila mtu ana ombi. Apollinaire, kiongozi wa kwaya, hataki jina lake lisemwe, anataka liimbwe. Maman Eulalie anataka lake lifuatwe na maelezo ya mahali anapouzia. Mchana Papa Atumani, mwenye duka la vitenge, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara akapitia Uvira, aliniita kwa chai ya tangawizi. Ombi lake ni moja: jina lake lisikae jirani na wimbo wa kusifu bia. Nimemhakikishia. Nimewahakikishia wote. Kuhakikisha hakuchoshi hata kidogo, ajabu.

Venant naye alikuja kuomba, kofia mkononi. Nikamwambia albamu imejaa. Furaha yangu kubwa ya mwaka huu!

Jumanne, tarehe 16

Mélanie ameambiwa na Apollinaire, aliyefika asubuhi na waimbaji wawili kufanya mazoezi ya jina lake.

Mélanie akikasirika hapandishi sauti. Anaishusha, kama mama yake. Alisema albamu hii ni kazi yake ya mwaka mzima. Kwamba alipita barabara ile nyuma ya pikipiki, na kila wimbo ni mtu aliyemwona kwa macho: mama aliyejifungua kando ya lori lililokwama, kijana aliyemzika rafiki yake karibu na shimo la dhahabu. Kwamba watu hao hawakuwahi kuitwa na mtu, na hatakubali mimi nijaze nafasi yao kwa majina ya foleni ya maji.

Nilitazama viatu vyangu. Vinahitaji fundi.

Kisha akanionea huruma. Akasema uko wimbo mmoja, wa mwisho, unaopigwa mchezaji anapoingia Kamituga na maharage yake. Wimbo mtulivu. Humo anaweza kuniweka, mimi peke yangu, kwa sababu ya chumba.

Nilimgeukia Gentil nikauliza ni wachezaji wangapi wanafika Kamituga. Wachache mno, alisema. Mchezo ni mgumu kwa kuwa barabara yenyewe ni ngumu. Sasa niulize: heshima isiyosikika ni heshima ya nini? Nikamshukuru Mélanie, nikakataa.

Alipokwenda sokoni nikamkalia Gentil kooni. Ni kijana asiyejua kumkatalia mtu mzima. Wazazi wake wamemlea vizuri sana. Akanieleza kwamba nyimbo ni za Mélanie na yeye hazigusi. Lakini mchezo una vipande vifupi vifupi vya sauti kati ya nyimbo, na hivyo ni vyake. Nikamwambia nataka majina yakae pale panaposikika kuliko pengine pote.

“Papa Prof, fasi yenye inajirudilia kupita zote?”

“Hiyo hiyo.”

“Ile banaisikia kila dakika, Papa. Ila iko fasi ya...”

Nikamkatiza. Mwalimu anajua swali linapokuwa limeshajibiwa.

Alhamisi, tarehe 18

Tumerekodi. Mélanie alikuwa amekwenda kwa rafiki anayechora jalada la albamu, na sikuona haja ya kumsumbua. Watu walijipanga uani kama siku ya chanjo. Niliita majina mwenyewe, kwa sauti ya darasani. Langu nililiweka la kwanza, ili wengine wapate mfano: Prof Isidore, mwenye ufunguo! Papa Atumani, baba wa vitenge! Apollinaire, koo la malaika! Fundi viatu na mkewe, msingi wa miguu yetu!

Maman Eulalie alikataa kuitwa na mimi. Alishika mikro, akaanza kujitaja, akafika katikati, akacheka. Kicheko chake kile cha kutikisa sahani kabatini. Nikataka arudie kwa heshima. Gentil akasema iachwe hivyo hivyo. Vijana hawajali ubora.

Kura zote ni zangu. Nimeanza kumwonea Venant huruma, ila kidogo.

Jumamosi, tarehe 20

Niandike kwa utaratibu, ingawa mkono unakataa.

Uzinduzi ulifanyika katika ua wa Papa Atumani. Shuka jeupe ukutani, spika mbili kubwa, avenue nzima imevaa vizuri. Wimbo wa kwanza ukapigwa, Mélanie akisema juu ya Bukavu asubuhi, wabebaji wakipanda mlima na mizigo mikubwa kuliko wao. Nimsifu anayestahili: niliona wanaume wazima wakijifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Kisha akatafutwa mchezaji. Mimi nikasimama. Nikapendekeza apewe mgombea mwenzangu, Venant, kama ishara ya udugu. Nilitaka akae mbele ya watu wote na jina langu litokee mikononi mwake. Akakubali. Venant hajawahi kuendesha hata baiskeli.

Pikipiki ikaondoka, ikapita kona ya kwanza, ikaingia topeni kwa pua. Maharage yakatawanyika. Wimbo ukakatika. Na spika zote mbili zikanguruma, kwa sauti yangu mwenyewe: “Prof Isidore, mwenye ufunguo!”

Watu wakatazamana. Venant akajaribu tena. Tope. “Papa Atumani, baba wa vitenge!” Akajaribu tena. Mtaroni. “Apollinaire, koo la malaika!”

Hapo ndipo nilipoelewa ni fasi ya nini. Ni mahali pa kuanguka. Maskini Gentil alikuwa ananieleza.

Kwanza walicheka kwa kuficha midomo. Halafu wakavunjika mbavu. Venant ni mbishi: kila akianguka anataka mara nyingine, na kila mara nguzo moja ya avenue inaitwa kutoka matopeni. Papa Atumani aliingia dukani akaanza kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Apollinaire aliondoka na kwaya yake, kwa mstari. Fundi viatu alibaki, lakini mkewe alihamia benchi jingine.

Jina moja tu lilipokewa vizuri. Zamu ya Maman Eulalie ilipofika, kile kicheko kikatoka kwenye spika kana kwamba yeye mwenyewe amesimama kando ya njia akimcheka mwendeshaji. Ua wote ukacheka naye. Wakaanza kumsihi Venant aanguke haraka ili kirudi. Akawatii. Alasiri nzima hakufika hata Walungu, karibu tu na Bukavu.

Nikamtafuta Mélanie kwa macho. Alikuwa upande wa pili, amefunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Sikwenda kuuliza.

Jumapili, tarehe 21

Uchaguzi. Nikiwa njiani, mama mmoja aliteleza kidogo tu kwenye ngazi za mlima. Hakuanguka hata! Lakini watoto wote waliokuwa karibu walipaza sauti pamoja: Prof Isidore, mwenye ufunguo! Mama mwenyewe alijiunga nao.

Nilihutubia. Nilieleza tofauti kati ya bahati mbaya na nia mbaya, kwa mifano. Nilikuwa naingia mfano wa pili nilipoombwa kukaa. Venant hakuhutubia. Mtu aliyeangushwa hivyo mbele ya wapiga kura hana la kusema, na nadhani ndiyo hekima yake ya kwanza.

Fundi viatu akasimama akamtaja Maman Eulalie. Hakuwa mgombea. Alikuwa nyuma kabisa, anauza. Mikono ikapanda, karibu yote, na Papa Atumani alipandisha miwili. Iliyobaki chini ilikuwa yangu na ya Venant. Tulitazamana. Ni mara ya kwanza tumekubaliana juu ya jambo lolote.

Nikauvua ufunguo. Kamba ikanasa kwenye sikio. Nikaivuta, ikazidi kunasa, na watu wote wanangoja. Maman Eulalie akaja kunisaidia, vidole vyake vinanuka mafuta ya sambaza. Akasema polepole, wengine wasisikie: “Prof, kesho asubuhi ukuye. Mimi nitakuwa na sambaza ku moto. Bidon nani atazipanga?”

Nilitikisa kichwa tu, na nadhani nilikitikisa kwa upande wa ndiyo.

Jioni Mélanie aliniita chumbani. Magodoro bado yako ukutani. Nilijiandaa kwa ile sauti ya chini. Badala yake alichukua mchezo akaucheza mwenyewe, Walungu, Mwenga, milima yote, bila kuanguka hata mara moja, mpaka pikipiki ikaingia Kamituga na gunia zima. Wimbo wa kufika ukaanza. Ni mtulivu kweli. Na mwishoni kabisa, sauti yake, kama anaongea na mtu mmoja: “Kwa Tonton Isidore, mwenye alitufungulia mulango.”

Aliniweka, ingawa nilikataa.

Macho yaliwasha. Kiangazi hiki kina vumbi jingi. Nilimwambia ni vizuri sana, sana kabisa. Kisha nikamuuliza kama haiwezekani wimbo huo usogezwe karibu na Walungu.

Jumatatu, tarehe 22

Nimepanga bidon. Za manjano upande wa ukuta, nyeupe upande wa njia, wajawazito na wazee mbele. Nimewaeleza wenye haraka kwa nini foleni iliyonyooka huenda mbio kuliko iliyopinda. Wote waliniita Prof. Mmoja aligonga mlango kabla jua halijatoka, kwa sababu Maman Eulalie alikuwa na kikaango na akasema waniulize mimi. Mtu wa kawaida angeona kwamba hakuna alichopoteza, akanywa chai yake.

Mimi naona mbali. Uchaguzi mwingine utakuja. Nimechunguza jambo lote kwa makini na nimeligundua kosa: jina kuitwa ni upepo. Jina linatakiwa kuandikwa. Gentil anaongeza sehemu mpya ya barabara, baada ya Mwenga, kwenye mto mkubwa, na hapo kuna daraja. Daraja! Kila mchezaji atalipita, apende asipende. Nimemwomba kibao kikubwa chenye jina langu kamili, na Venant asipewe hata kalvati.

Gentil amekubali, mtoto mwenye adabu yule. Alitaka kwanza kunieleza jambo fulani kuhusu mbao za daraja lenyewe na uzito wa pikipiki. Nikamwambia hakuna haja. Nimefundisha na jiografia.